Mdogo wangu kaacha maabara anataka kwenda kuhoji wakulima wa muhogo, je huo ni utafiti kweli?

*"Dokta shikamoo. Namsomesha mdogo wangu wa kike masta, digrii ya kwanza alisoma sayansi ya chakula na alifaulu vizuri tu. Sasa kaleta proposo yake, nikategemea nione mambo ya vipimo na maabara, kumbe anataka akakae Mtwara miezi mitatu kuwauliza akina mama kwanini wanapanda muhogo mchungu na wanauandaaje. Watu 40 basi. Nikamwambia hayo hata bibi yetu anayajua na hajasoma. Wenzie wa mwaka huohuo mmoja ana bakteria, mwingine panya, mwingine eti anatafiti bodaboda na mikopo. Yani chuo kimoja kinatafiti kila kitu, naanza kujiuliza kama wana mwelekeo. Nimemwambia arudi maabara au nasitisha ada, amenuna hatuongei wiki ya pili sasa. Hivi nakosea? Data ya kuhojiana inaaminika? Na ajira atapata wapi na hiyo mada?"*

Marahaba kaka, na hongera kwa kumsomesha mdogo wako, najua ada ya masta si mchezo na mtu anayeitoa ana haki ya kuuliza inaenda wapi. Nikikusoma naona una maswali matatu umeyafunga pamoja: kama kuhoji watu ni sayansi, kama chuo kinatawanya nguvu, na kama pesa yako itarudi kwa maana ya ajira. Nitayajibu yote, ila nianze na muhogo wenyewe, maana mdogo wako amechagua (sijui kama anajua) moja ya mada ambazo zinaonyesha vizuri kuliko karibu zote kwanini maabara peke yake haitoshi. Na mimi nakwambia hivyo nikiwa mtu wa maabara, sumu za kwenye chakula ndo kazi yangu ya kila siku.

Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Chenyewe kikikaa ndani ya muhogo hakina shida sana, lakini ndani ya huohuo muhogo kuna kimeng'enya (kichocheo cha asili kinachoivunja linamarini) kimehifadhiwa sehemu tofauti, sasa ukikata, ukitwanga au ukikwangua, vile vijumba vidogo vya mmea vinapasuka, hivi viwili vinakutana na mwisho wake inatoka sayanidi. Sayanidi ni sumu kweli, ila ina tabia moja nzuri, inaruka hewani kirahisi, kwahiyo uandaaji wote wa muhogo unaoujua, kuloweka, kuvundika, kutwanga, kuanika, lengo lake ni kuvipasua vile vijumba na kuipa sumu muda wa kuondoka. Hapo kuna kosa ambalo hata wasomi wanalo: watu wengi wanadhani ukichemsha sana muhogo mchungu unakuwa salama. Hapana. Moto unakiua kile kimeng'enya mapema na linamarini inabaki humohumo kwenye muhogo uliouchemsha. Na ukiuanika tu mzimamzima bila kuuloweka, unakauka vijumba vikiwa bado havijapasuka vizuri, sumu nyingi inabaki pia.

Mwili ukipata sayanidi kidogo unajua kujisafisha, lakini kazi hiyo inahitaji salfa inayotokana na protini, vitu kama samaki, nyama, maharage. Sasa chukua mtu anayekula muhogo asubuhi na jioni, mwaka wa njaa, hana mboga ya maana, na muhogo wenyewe haukuandaliwa vizuri. Huyo anaweza kuamka siku moja miguu imekakamaa, hawezi kutembea sawasawa, na haiponi. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981 kule Nampula, Msumbiji, walipatikana wagonjwa zaidi ya 1,100 kipindi cha ukame, na mmoja wa madaktari waliohangaika nao alikuwa Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa daktari wa wilaya kule Nacala. Kwetu ulitokea Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame tena, na Masasi mwaka 1988 watu waliugua ghafla kwa sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri. Masasi kaka, mkoa uleule anaotaka kwenda mdogo wako.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri maana ndo jibu la swali lako.

Maabara ilishamaliza sehemu yake kubwa zamani. Sumu inajulikana, inavyotoka inajulikana, kipimo kipo, hata kiwango cha usalama cha kimataifa kipo, miligramu 10 kwa kilo moja ya unga. Ikabaki swali ambalo hakuna mashine inaweza kulijibu: watu hawa wamelima muhogo vizazi na vizazi, wanajua kabisa unatakiwa kulowekwa siku tatu, kwanini mwaka fulani wanaloweka siku moja? Kule Kongo, eneo la Bandundu, watafiti walipokwenda kukaa vijijini wakagundua jambo ambalo usingeliona kwenye darubini hata ungekesha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, muhogo ukageuka biashara, malori yanakuja, mji unataka unga, na akina mama wakaanza kuloweka usiku mmoja badala ya siku tatu ili wawahi kuuza. Barabara ambayo kila mtu aliisherehekea, na ilistahili kusherehekewa, ndo iliyofupisha muda wa kuloweka. Jibu hilo lilipatikana kwa kuuliza, kukaa, kuangalia, kuhesabu magunia na kusikiliza watu wanavyoeleza siku zao zinavyokwenda, alafu ndo vipimo vya mkojo na vya unga vikaja kuthibitisha. Ungemtuma mkemia peke yake angerudi na namba sahihi kabisa na asingejua ya kufanya nazo.

Na kuna upande mwingine. Ukiwa mtu wa maabara tu, wazo la kwanza linalokujia ni rahisi: si wapande muhogo mtamu basi? Mtafiti mmoja, Linley Chiwona-Karltun, alifanya kazi Malawi na akina mama wanaolima muhogo mchungu, akakuta wanaupenda kwa sababu zenye akili nyingi tu. Muhogo mtamu unaibiwa, mtu anapita shambani anang'oa anatafuna palepale. Nyani na nguruwe pori nao wanaufahamu utamu. Mchungu unabaki shambani salama mpaka mwenyewe auhitaji, na kwa sababu lazima uandaliwe kwanza, mama ndo anayeamua lini unaliwa na lini hauliwi. Ukija na mpango wa kugawa mbegu za muhogo mtamu bila kujua hilo, umemnyang'anya mama ghala lake la njaa. Miradi mingi imekufa kwa namna hiyo na pesa zikapotea, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwahiyo hapana kaka, "wanalima kwanini na wanauandaaje" si swali la porojo. Ni swali gumu.

Umesema bibi yenu anayajua hayo. Naamini kabisa anayajua, tena vizuri kuliko mimi. Lakini bibi anajua kijiji chake na namna yao ya kuandaa, na anajua mwaka wa kawaida unavyokwenda. Mtafiti anachotafuta ni pale ujuzi wa bibi unapobanwa: mvua imekata, chakula kimeisha, mkwe mgeni kaja kutoka kwao wanakoanika makopa tu, mnunuzi kasema anapita kesho asubuhi. Na kitu kingine, ujuzi wa bibi ukibaki kwa bibi hauendi wilayani, hauingii kwenye mpango wa afisa lishe, hausomwi na mtu wa wizara. Kuuandika kwa utaratibu ambao mwingine anaweza kuukagua na kuubishia, hiyo ndo kazi ya chuo.

Tuje kwenye watu 40, maana hapo uko nusu sahihi. Inategemea anauliza nini. Kama anataka kusema "asilimia fulani ya kaya za Mtwara wanaloweka chini ya siku tatu", watu 40 hawatoshi, angehitaji mamia na wachaguliwe kwa bahati nasibu, la sivyo hiyo asilimia haina maana na sapavaiza wake asimkubalie. Lakini kama anataka kujua hatua zenyewe ni zipi na zinafupishwa kwa sababu gani, 40 wanaweza kutosha kabisa ilimradi wawe wa aina mbalimbali, wazee, walioolewa karibuni, wanaouza, wanaokula tu, wenye shamba kubwa na wasio nalo, na aendelee kuhoji mpaka majibu yaanze kujirudia na hasikii jipya. Namba inafuata swali, ndo maana mwenzie wa bakteria naye anaweza kuwa na sampuli chache na hakuna anayemshangaa.

Kuaminika je? Data ya kuhojiana inaweza kuwa mbovu sana, sitakuficha. Nimesoma tasnifu zenye dodoso limenakiliwa kutoka kwa mtu mwingine hadi makosa ya herufi, maswali yanamwambia mtu cha kujibu ("je, unazingatia usafi wakati wa kuandaa muhogo?" nani atasema hapana), na mhojaji kakaa kijijini siku mbili kaondoka. Kazi ya namna hiyo haina faida. Ila aliyefundishwa vizuri anajua kuna pengo kati ya watu wanachosema na wanachofanya, na anakwenda kulitafuta. Mama atamwambia "tunaloweka siku tatu", na anasema kweli kwa maana ya inavyotakiwa. Mtafiti mzuri hambishii. Anaomba aoneshwe ndoo iliyopo leo, anauliza iliwekwa lini, anapita tena kesho jioni anakuta ndoo tupu na muhogo umeshaanikwa juu ya mkeka. Hapo sasa ndo anauliza taratibu, nini kimetokea wiki hii? Na mama anaeleza. Jibu hilo la pili lina thamani kuliko kurasa 20 za dodoso.

Kuhusu chuo kimoja kutafiti kila kitu, naelewa kwanini inaonekana vurugu, lakini matatizo ya watu hayaji yakiwa yamepangwa kwa idara. Huyo mwenzie wa panya usimcheke. Pale Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na kazi hiyo ilihitaji mtu wa wanyama, mtu wa tabia na ujifunzaji, mtu wa afya, na watu wa kuzungumza na jamii wanaoishi karibu na mabomu. Upande wa sheria na jamii, tume ya ardhi ya miaka ya 1991 na 1992 iliongozwa na Issa Shivji, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka nchi wakisikiliza wanavijiji, na mjadala ule ulichangia kwenye sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, hata kama serikali haikuyachukua mapendekezo yote. Hakuna maabara pale, na suala lenyewe linagusa shamba la kila mtu nchini. Alafu kumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari aliyeona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaganda kabla ya uliopoa, wenzake wakamcheka, mpaka alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, naye badala ya kumpuuza akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Kazi ya chuo ni kuwa mahali ambapo swali lolote la kweli linapokelewa. Huyo wa bodaboda na mikopo simjui, lakini kijana anayerejesha mkopo wa pikipiki kila siku anaendesha kwa haraka gani na kwa saa ngapi ni swali ambalo wodi za mifupa zingependa sana kupata jibu lake.

Sasa ukitaka kuona pande zote mbili zikishikana mikono, nikuonyeshe kitu kimoja. Howard Bradbury, mkemia wa Australia, alikuwa anatafuta namna ya kupunguza sumu kwenye unga ambao tayari umeshasagwa. Akaja na njia hii: unaweka unga kwenye beseni, unapiga alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia, unaongeza maji huku unakoroga. Mwanzoni unga unashuka, unaendelea kuongeza maji mpaka unapanda tena hadi kwenye ile alama, hapo unaacha. Unautandaza kwenye mkeka kwa tabaka jembamba, lisizidi sentimita moja, masaa mawili juani au masaa matano kivulini, alafu unapika ugali siku hiyohiyo. Basi. Hakuna mizani wala kemikali, na sehemu kubwa ya sumu iliyobaki inaondoka. Kuanzia mwaka 2010 watafiti akina Banea wa Kongo waliipeleka njia hiyo kijiji cha Kay Kalenge, hukohuko Bandundu, wakafanya kazi na akina mama nyumba kwa nyumba, na kipindi chote walichofuatilia hakukuwa na mgonjwa mpya wa konzo. Tanzania kusini nako imefundishwa. Kemia ndo iliyosema sumu itaruka ndani ya masaa hayo, lakini alama kwenye beseni ipo kwa sababu kuna mtu aliyejua jikoni kuna beseni na hakuna mizani.

Ndo maana kama ungeniuliza mimi ningemshauri nini mdogo wako, nisingemwambia arudi maabara wala nisingemwambia aiache kabisa. Ningemwambia abebe vifuko, kila kaya anayohoji aombe unga kidogo kwa ridhaa yao, apime. Kuna kipimo rahisi cha karatasi ya njano, unaweka unga kidogo sana na karatasi hiyo kwenye kichupa unafunga mpaka kesho yake, sumu ikiwepo karatasi inageuka kahawia, unalinganisha na chati ya rangi. Hapo maelezo ya mama na unga wa mama vinakaa kwenye daftari moja, na digrii yake ya sayansi ya chakula inafanya kazi. Lakini ina gharama zake na uzijue: vifaa vinaongeza bajeti, kamati ya maadili itauliza maswali zaidi, itabidi apate msimamizi wa pili anayejua upande wa pili, na akikuta unga wa mtu una sumu nyingi hawezi kuandika tu kwenye daftari akaondoka, lazima arudi awaambie na awaonyeshe cha kufanya. Kama muda wake ni mfupi sana, bora afanye kimoja vizuri.

Ajira. Hapa sitakuahidi kitu maana hakuna mada ya masta inayokuja na barua ya kazi, hata hiyo ya bakteria. Ukweli ninaouona ni kwamba maafisa lishe wa halmashauri, Taasisi ya Chakula na Lishe, TBS kwenye usalama wa chakula, na mashirika yanayofanya miradi vijijini wanahitaji mtu anayeelewa kemia ya chakula na anaweza pia kukaa na wakulima akapata ukweli, na wa hivyo ni wachache. Lakini kama ndoto yake ni kuajiriwa maabara ya kiwanda, miaka miwili bila kugusa kipimo itamrudisha nyuma, na hapo aseme mwenyewe anataka nini. Hilo ndo swali zuri la kumuuliza badala ya kumtishia ada.

Na ada hiyo kaka, naomba niseme kama ndugu. Umefanya jambo kubwa, usiliharibie mwishoni. Mtu mzima anayekwenda kuulizia watu njaa yao na chakula chao anahitaji moyo uliotulia. Mpigie wewe leo, usingoje yeye aanze. Mwambie akusimulie hiyo proposo kwa maneno yake, alafu umuulize: swali lako ni lipi hasa, utajuaje kama umekosea, data ukishaipata utaichambua kwa njia gani, dodoso umelijaribu kwa watu wachache kwanza, kamati ya maadili imepitisha? Akijibu hayo bila kubabaika, mwache aende. Akishindwa, shida si kuhojiana, proposo haijaiva, na hapo aende ana kwa ana kwa sapavaiza wake, wakishindwana kuna mratibu wa masomo ya uzamili idarani, hiyo ndo kazi yake. Wewe usiende ofisini kwa sapavaiza bila yeye kukuomba, utamvunjia heshima mbele ya watu wanaomsimamia. Na kama kuna mtu chuoni anamdai hela au kitu kingine ili mada ipite, hilo si la kumaliza kwa simu wala kwa kuniandikia mimi, aende ofisi ya uzamili au ya malalamiko, na mtu wa kumsindikiza awepo.

Akiwa huko kijijini, akikutana na mtoto au mama ambaye miguu imekakamaa ghafla, au familia imetapika na kuumwa kichwa na kizunguzungu baada ya kula muhogo, mahojiano yaishie hapo, wapelekwe zahanati au hospitali mara moja na mganga aambiwe walikula nini na uliandaliwaje. Yeye si daktari.

Barua ya utambulisho ya chuo itaanzia kwa Katibu Tawala wa mkoa, ishuke wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, asiruke hata ofisi moja. Apige kopi za kutosha kabla hajaondoka mjini maana kila ofisi inabaki na yake. Na aangalie msimu, asiende wakati wote wako kwenye korosho, atakuta nyumba hazina watu.